Nilivyouficha Mkono wa Kushoto

Mtu akiutazama sana mkono wangu wa kushoto, mimi humwona mwizi. Sijisifu kwa hilo, wala sijifichi. Macho yakitua usoni sijali, yakitua kwenye mkoba sishtuki sana, maana mkoba wenyewe hauna kitu. Lakini mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi, na anayeuona vizuri anaweza kwenda nao nyumbani.

Sikuzaliwa hivi. Nilifunzwa. Wakati huo nilikuwa nasuka nywele katika saluni moja ya Kabiro, kwetu Kawangware, mlango wa bati la kijani, viti vitatu, na wateja waliotaka laini nyembamba kwa bei ya laini nene. Jumamosi na Jumapili nilipiga gitaa katika bendi ya vijana wa Gatina. Nilikuwa mwanamke pekee. Watu wakiniona barabarani nimebeba gitaa mgongoni walidhani nampelekea mume wangu. Mlinzi mmoja wa baa aliwahi kunizuia mlangoni, akaniambia niliache gitaa pale, mwenyewe atakuja kulichukua. Nikamwambia mwenyewe ameshakuja.

Katika bendi hiyo nilitunga mwanzo wa wimbo. Si wimbo mzima, mwanzo tu, yale mapigo ya gitaa yanayomfanya mtu aweke chupa chini kabla hajasikia sauti ya mwimbaji. Nililala nao wiki mbili, nikiupiga bila spika ili jirani asinigongee ukuta. Haukupita muda, nikiwa saluni na kitana kimezama kwenye nywele za mteja, simu yake ikauimba. Mapigo yangu, moja baada ya jingine, ila chini ya sauti ya mtu nisiyemjua.

"Hii ngoma ni ya nani?" nikauliza.

"Ni mpya. Iko kila mahali saa hii. Wee, unanivuta nywele."

Aliyeyapiga mapigo hayo alikuwa mpiga gitaa la pili wa bendi yetu, kijana aliyekaa mbele yangu kila siku ya mazoezi akinitazama vidole kwa adabu. Nilipomkabili hakukataa. Alisema gitaa ni kama maji ya mto, nani alishawahi kusema mto ni wake. Nilimwambia basi na achote kwao. Nikatoka bendi hiyo siku ileile, na tangu hapo nikawa yule mtafunwa na nyoka anayeshtuka akiona unyasi.

Bendi iliyonichukua baadaye ilikuwa ya Kibera, ya watu wa Machakos na Kitui. Mwenye bendi alikuwa pia ndiye mwimbaji, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye duka la kushona sare za shule. Alikuwa amenisikia kanisani Satellite nikishikilia nafasi ya mtu mgonjwa. Alihitaji mpiga solo, yaani yule anayezungumza kwa gitaa wakati wengine wanaitikia. Katika bendi za aina hii hakuna anayekuita kwa jina. Mimi nikawa Solo. Aliyepiga gitaa la pili alikuwa seremala, kwa hiyo yeye walimwita Fundi.

Tulifanya mazoezi kwa Fundi, katika karakana yake upande wa Makina, Jumapili baada ya ibada. Nilitembea kutoka Kawangware hadi Dagoretti Corner, nikakata Jamhuri, nikaingia Kibera gitaa likinigonga makalio njia nzima. Karakana ilikuwa ya mabati, ndani kuna fremu za vitanda zimesimamishwa kama wagonjwa wanaongoja daktari, na vumbi la mbao lililoingia hadi kwenye chai. Mke wa Fundi alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nje na kuwauzia watu wa mtaa. Sisi alitupa bure, lakini sahani yangu ilikuwa ya mwisho kila mara. Hilo nililiona mapema. Mimi huona mambo kama hayo.

Wenzangu walizungumza Kikamba. Mimi ni mtu wa magharibi ya nchi, Kikamba changu kinaishia kwenye salamu. Walipocheka nilijua wananicheka mimi. Walipopunguza sauti nilijua hivyohivyo. Mteja wangu mmoja pale saluni, mwanamke wa Machakos mwenye utani mwingi, akanizidishia. "Usimwachie mtu wa Kitui gitaa lako hata dakika moja," aliniambia. "Atalisemesha, alafu likuje likukatae." Alicheka mpaka nikakosea laini. Mimi siamini mambo hayo ya uchawi wa Kitui. Lakini tangu siku hiyo nilipangusa nyuzi kwa kitambaa kila nilipotoka chooni na kulikuta gitaa nilipoliacha.

Sasa nieleze kuhusu Fundi. Alikuwa mtu mkubwa, mikono mizito, mchache wa maneno. Ukimwambia jambo alitabasamu na kusema "sawa sawa," hata kama ulikuwa umemuuliza swali. Akipiga gitaa aliinama na kulitia taya, akaligusa kabisa kwenye mbao kama mtu anayelinusa. Nilidhani ni mbwembwe. Na muda wote, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, aliutazama mkono wangu wa kushoto.

Ni lazima niseme kwamba mpiga gitaa la pili ana haki ya kutazama. Ndiyo desturi ya muziki wetu. Maneno ya wimbo yakiisha, magitaa hupanda. Solo hutoa mkono huku chini kwenye shingo ya gitaa, akaupeleka juu karibu na tumbo lake, na hapo wimbo hubadilika, unakuwa wa kuchezwa. Hakuna anayepiga kelele kwamba sasa tunapanda. Hakuna hesabu ya moja, mbili, tatu. Gitaa la pili huona mkono ukihama, nalo linahama papo hapo. Wakipanda pamoja, watu wanasimama kwenye viti. Kwa hiyo wa pili hutupa jicho, anajua, anarudi kwenye kazi yake.

Fundi hakutupa jicho. Aliliweka. Kwenye mazoezi alikaa kwenye kigoda mbele yangu. Tukisimama kupiga mahali alidai upande wangu wa kushoto, na mwenye bendi alimpa bila kuuliza. Siku moja alitoa simu akaiegemeza kwenye kopo la gundi, akairekodi mikono yangu.

"Ya nini hiyo?" nikamuuliza.

"Ya kusoma nyumbani," akasema.

"Kusoma nini?"

"Sawa sawa," akasema, akatabasamu.

Mke wake alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. "Huo mkono wako anaujua kuliko wangu," akaniambia. Alisema kama utani, ila hakucheka. Kwa hiyo karakana nzima ilikuwa na shaka, kila mtu na yake. Yeye alidhani nataka mume wake, nami nilidhani mume wake anataka kazi yangu. Ningemwachia mume wake siku hiyohiyo kama angenirudishia ile video.

Ndipo mwenye bendi alipokuja na habari. Kulikuwa na mtu mwenye bustani ya nyama choma kando ya Ngong Road, aliyetaka bendi ya kudumu, Jumamosi na Jumapili mchana, na siku za katikati akipata wageni. Kwa mkataba. Sikuwahi kusikia neno mkataba likisemwa kuhusu gitaa langu. Ningeweza kumrudishia mwenye saluni kitana chake. Ningeweza kuulizwa kazi yako ni gani nikajibu neno moja tu, gitaa, bila kuongeza "na kusuka." Nilikuwa na miaka thelathini na moja, vidole vimeanza kuuma asubuhi kwa sababu ya nywele, na nilijua nisipopata nafasi hiyo nitazeeka nikiwa msusi anayejua gitaa kidogo.

Lakini habari ilikuwa na mkia. Jukwaa la bustani lilikuwa dogo. "Amesema atakuja kutusikiza," mwenye bendi alieleza. "Magitaa mawili yakielewana, anachukua mawili. Yakisumbuana, anachukua moja."

Alisema kwa Kiswahili ili nami nisikie, akarudia kwa Kikamba, na aliporudia alimwangalia Fundi na kuongea polepole, uso kwa uso, muda mrefu kuliko Kiswahili kilivyochukua. Nikajiambia hapo pana jambo la ziada. Wanapanga. Fundi ni wa kwao, mimi ni wa kuokotwa. Kama moja litabaki, ni la nani? Mtu aliyerekodi mikono yangu, aliyesoma nyumbani, hahitaji tena mikono yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zangu zilikuwa zimejaa vumbi la mbao zake.

Nikaanza kujilinda. Kila baada ya mazoezi nililegeza nyuzi zote sita kabla ya kulitia gitaa kwenye mfuko, mtu asije akajua nimezikaza vipi. Mwanzo mpya niliokuwa nautunga sikuupiga mbele yao, niliupiga kwangu, na mlango nimeufunga. Na nikajifunza kugeuka. Nilijifunza kusimama kiubavu, bega la kulia limetangulia, shingo ya gitaa imeelekea ukutani. Mwenye bendi aliponiuliza nilisema spika inanipigia kelele sikioni. Akaniangalia kidogo, kisha akamwangalia Fundi.

Tulivurugika. Fundi alichelewa kupanda, au alipanda nikiwa nimesharudi chini. Alisogeza kigoda, nami nikasogea. Alisogea tena. Tulizunguka kwenye karakana ile kama kuku wawili wanaogombania punje moja ya mahindi. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilijiambia kama huwezi kupiga bila kuniibia, basi huwezi kupiga.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Mwenye bustani alikaa peke yake kwenye meza ya mbele na soda, miguu ameinyoosha, bila kutikisa kichwa hata mara moja. Nyuma yake jikoni walikuwa wanakatakata nyama. Fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakunjika upya kwa ukali wa mikunjo. Mke wake alikuja pia, akasimama kando ya ua na mkoba wake, hakukaa. Fundi akanijia upande wa kushoto kama kawaida. Mimi nikageuka.

Nyimbo mbili za kwanza zilipita. Zilikuwa za zamani, Fundi alizijua kwa mazoea. Wa tatu ndio ulikuwa na ule mwanzo wangu mpya, na mahali pa kupanda nilikuwa nimepahamisha. Nilipanda mapema, mizunguko miwili kabla ya pale tulipozoea, mgongo wangu nusu umemfunika. Besi ikanifuata kwa sikio. Ngoma zikafuata. Fundi akabaki chini.

Hilo linatokea, hata kwa watu wazuri. Unakosea, unasikia, unaruka kuungana na wenzako, na msikilizaji anadhani ni mapambo. Lakini Fundi hakuruka. Aliendelea kupiga ya chini kwa nguvu, kwa raha, taya kwenye mbao, akitabasamu, huku sisi wote tuko mahali pengine. Magitaa yakawa yanapigana. Wapishi waliacha kukata nyama. Nilimtazama kwa pembe ya jicho nikidhani ananifanyia makusudi, na sikuona ukorofi wowote usoni mwake. Alikuwa mtu anayepiga vizuri. Akaendelea hivyo hadi alipoinua macho na kuona uso wa mke wake kule uani. Hapo ndipo aliposimamisha nyuzi kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, na akatutazama mmoja mmoja ili ajue tumefika wapi.

Tulimaliza bila yeye. Mwenye bustani akanielekezea kidole. "Huyu madam ako sawa. Yule mwingine, hapana."

Fundi alishaanza kukunja waya wake. Mke wake alikuja akamgusa mkono, akamwambia kitu akiwa mbele ya uso wake kabisa, naye akaitikia kwa kichwa. Waliondoka na gitaa katikati yao. Mwanamke yule aligeuka mara moja kunitazama.

Nilibaki na mwenye bendi tukifungasha vyombo. Ndiye aliyeniambia, huku akizungusha waya kwenye kiwiko.

"Masikio yake yaliisha. Ni zile mashine za mbao, miaka mingi. La kushoto lilienda kitambo. La kulia linasikia ngoma na besi, basi. Gitaa lake analisikia kwa mfupa, ndiyo unaona anaweka taya. Lako alikuwa anasikia kwa macho."

Nikamuuliza nani alijua.

"Sisi wote."

"Na mimi?"

Akauweka waya chini. "Wewe tuliogopa," akasema. "Wewe si mtu wa kukaa na mtu. Tulisema ukijua utamkataa, utasema huwezi kupiga na kiziwi. Tukaona heri uendelee tu kudhani anakupenda."

Kwa hiyo vile vicheko vyote, na ile sauti ya chini, na yale maelezo marefu ya uso kwa uso, kweli vilikuwa njama. Nilikuwa nimehisi sawasawa kwamba kuna jambo. Nililikosea tu mlango. Walikuwa wanamficha mtu wao nisimdhuru, nami nikamdhuru nikijikinga naye. Nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira, nikapata aibu.

Nilikaa wiki tatu kabla ya kwenda Makina. Nilimkuta akipiga randa mguu wa meza. Mke wake alinipakulia muthokoi, sahani ya kwanza safari hii, na hilo lilinichoma kuliko kama angenimwagia. Fundi alikaa mbele yangu ili auone mdomo wangu. Nilimwomba msamaha kwa maneno mafupi, nikiyatamka wazi.

"Mimi nilidhani unajua," akasema. "Nilidhani unanikataza kwa sababu nimekuwa mzigo. Nikasema sawa, ana haki, anatafuta riziki." Kisha akacheka kidogo. "Nikuibie nini, Solo? Angalia hivi vidole. Vitu zako hata nikifundishwa siwezi kuzipiga. Mimi nilikuwa nataka tu tupande pamoja."

Nilimwambia sikujua. Nilisema mara mbili, na mara ya pili niliapa. Aliamini. Mke wake pia aliamini, akaniongezea mchuzi.

Sasa nina mwaka wa nne pale bustanini. Mpiga gitaa la pili ni kijana mwenye masikio mazuri, ambaye hata haniangalii. Kazi yangu ni gitaa, kwa neno moja, kama nilivyotaka. Wasichana wawili watatu wamekuja kuniuliza nilianzaje, na huwaambia ukweli: kwamba mwenye bustani alikaa na soda yake, akanisikia, akanichagua.

Lakini kuna Jumanne moja, siku nne kabla ya ile Jumamosi, ambayo sijaisimulia popote. Nilipita kwenye karakana kuchukua waya niliousahau. Fundi alikuwa amenipa mgongo, anapiga msasa kwa mkono. Mashine zilikuwa zimezimwa, umeme ulikuwa umepotea mtaa mzima, palikuwa kimya kabisa. Nilimwita. Nilimwita tena, kwa sauti. Niliita mara ya tatu nikiwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, na msasa wake haukusita. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mtungi wa maji akacheka, akaniambia nimguse tu, la sivyo nitaita mpaka kesho.

Sikumgusa. Nilichukua waya wangu msumarini, nikatoka taratibu, na nilipofika kwangu Kawangware nilifunga mlango, nikakaza nyuzi, nikapahamisha mahali pale pa kupanda.